Mchanga Mweusi wa Warigia

Mvua kubwa ikinyesha Ruiru, maji huteremka kwa kasi barabarani na kuacha michirizi ya mchanga mweusi kando ya mifereji. Watu huukanyaga wakaenda zao. Warigia hakuukanyaga. Aliuzunguka, kama mtu anavyozunguka mahindi yaliyoanikwa.

Alizaliwa katika ukoo wa wahunzi, huko juu upande wa Fort Hall. Wakikuyu wa zamani walimheshimu mhunzi na kumwogopa kwa pamoja. Jembe, panga, mkuki na kisu cha kunyolea vilitoka mikononi mwake, lakini laana yake nayo ilisemekana kushika kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mhunzi akigonga nyundo na kutaja tendo la mwizi, mbuzi aliyeibwa alirudishwa bila kelele. Kwa sababu hiyo watu wengi hawakupenda kuozesha binti zao kwa wahunzi, na wahunzi wakawa wanaoana wao kwa wao.

Chuma chenyewe kilitoka mtoni. Kazi ya kukitafuta ilikuwa ya wanawake. Walichota mchanga kwenye vijito, wakauweka katika kibuyu kilichopasuliwa nusu, wakauzungusha na maji taratibu. Mchanga mwepesi ulikwenda na maji. Mweusi, mzito, ukabaki chini. Waliuanika juani juu ya majani ya migomba, kisha wanaume wakaupeleka kwenye tanuri pamoja na makaa. Warigia alifundishwa kazi hiyo na mama yake alipokuwa bado msichana mdogo, ingawa wakati huo majembe ya Ulaya yalikuwa yamejaa madukani, na baba yake aliyeyusha mchanga kwa nadra, pale tu alipojisikia.

Mwaka wa 1949 Warigia aliolewa na Muigai, mhunzi wa Gatongora, karibu na Ruiru. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye maneno machache. Mama yake Muigai, Gathoni, alikuwa ameshafariki. Aliyebaki ni baba yake, mzee Kagwe, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kwa kutazama moto miaka mingi. Hapo Gatongora hakuna aliyeosha mchanga tena. Chuma kilikuwa tele: springi za malori, majembe yaliyovunjika kwenye mashamba ya kahawa, vipande vya vyuma vilivyotupwa kando ya reli. Muigai alivitia vyote motoni, vikatoka mapanga na visu.

Alikuwa na shida moja tu. Bomba la udongo lililopeleka hewa kutoka kwenye mivukuto hadi motoni lilipasuka kila mara. Siku moja akaokota kipande cha bomba la maji, la chuma, akalikata na kulitia mahali pake. Halikupasuka tena.

Bomba hilo ndilo lililomfunga.

Ilikuwa mapema mwaka wa 1953. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa miezi michache nyuma, na watu wa msituni walisemekana kutengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Wahunzi wakaanza kutazamwa kwa jicho baya. Asubuhi moja lori lilisimama chini ya mteremko, wakashuka askari na ofisa mmoja kijana wa Kizungu. Pamoja nao alikuwa Nicanor, hedimani wa hapo aliyewekwa na serikali, aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Nicanor ndiye aliyetafsiri.

Ofisa aliinua lile bomba kutoka kwenye jivu. "Hii ni nini?"

"Ni pua ya mivukuto," Muigai akajibu.

Nicanor akatafsiri. Ofisa akalitia jicho upande mmoja na kuelekeza upande wa pili kwenye mwanga.

"Mwambie huu ni mtutu wa bunduki."

"Bwana anasema ni mtutu."

"Mtutu hauungui ncha namna hiyo," Muigai akasema. "Tazama masizi."

Nicanor aliyatazama masizi. Alimjua Muigai tangu utoto, na jembe alilolimia lilifuliwa hapo hapo. Lakini siku hizo kumtetea mtu kulikuwa karibu sawa na kujishtaki. Maneno hayo ya mwisho hakuyatafsiri. Muigai akafungwa mikono na kupandishwa kwenye lori.

Ofisa akaamuru vifaa vyote vichukuliwe. Askari walibeba koleo, fuawe na mivukuto. Ilipobaki nyundo, walisimama. Ilikuwa nyundo ya kale, chuma kitupu kisicho na mpini, nene kama mchi mdogo, imelainika kwa mikono ya wazee watatu waliokwisha kufa. Askari walikuwa Wakikuyu, na hakuna aliyetaka kuishika. Nicanor alisema kwamba yeye ni Mkristo na haogopi chuma, ila hakuinama.

"Nani anaweza kuibeba?" ofisa akauliza.

Mmoja akamwonyesha mzee Kagwe. Mzee alikuwa ameketi kando ya ukuta, akasema hapana, nyundo hiyo haitoki hapa kwa mkono wake. Askari mmoja akamshika bega na kuinua kirungu.

Hapo Warigia akaingia. Mwanamke hakuruhusiwa kuigusa nyundo ya uhunzi, wala kuiruka, wala kuketi mahali ilipolazwa. Alilijua hilo kuliko askari wote. Aliinama, akaiokota kwa mikono miwili, akaibeba kifuani hadi kwenye lori, akaitia ndani karibu na miguu ya mume wake. Muigai alimtazama. Kisha akatazama upande mwingine, na lori likaondoka.

Mwaka uliofuata nyumba zilizotawanyika zilichomwa, watu wote wa kilima hicho wakakusanywa katika kijiji kimoja. Wanawake walichimba handaki la kukizunguka na kupanda vijiti vilivyochongwa ndani yake. Habari za Muigai zilikuja kwa midomo ya watu: alikuwa kizuizini Manyani, halafu akahamishwa, halafu hakuna aliyejua.

Lakini kabla ya kijiji, wiki chache baada ya Muigai kuchukuliwa, Warigia alikuwa na mimba changa. Wakati huo wanawake walikuwa wakichimbishwa barabara kila asubuhi. Mimba ikatoka.

Mzee Kagwe alisema maneno mawili. "Ni nyundo."

"Ni barabara, Baba," Warigia akamjibu.

Hakuna aliyesema kwa hasira. Mzee aliamini alichoamini, naye Warigia hali kadhalika. Waliendelea kukaa chini ya paa moja, wakizungumza habari za kuni na chumvi. Alimpikia, akamwosha miguu, akamwelekeza njia ya choo macho yalipozidi kufifia. Ila usiku wa kusimulia hadithi za uhunzi haukuwapo tena.

Mwaka wa 1955 wanawake wa kijiji waliruhusiwa kwenda kuchuma kahawa kwenye shamba moja la jirani. Siku moja gurudumu la mashine ya kumenya kahawa likavunjika vipande. Nyapara akawaita wanawake wenye nguvu wapande lori, wakasaidie kushusha vipande hivyo Thika, kwenye karakana ya Bachan Singh.

Karakana hiyo ilikuwa karibu na reli. Bachan Singh alisubu chuma na shaba, akiviyeyusha na kuvimwaga katika kalibu: magurudumu ya mashine za kahawa, vyuma vya mitambo ya katani, mabomba, bawaba. Watu walimwita Kalasinga, naye hakujali. Uani mwake palikuwa na rundo la vyuma kuukuu lenye kimo cha nyumba. Warigia, akiisha kushusha mzigo, alisimama mbele ya rundo hilo akasahau kuondoka.

Mwanamke Mkamba aliyekuwa akichambua rundo akainua kichwa. "Unatafuta nini, dada?"

"Sitafuti. Natazama tu."

"Watu hawatazami takataka."

"Kwetu hii ingetosha vizazi," Warigia akasema.

Mwanamke huyo aliitwa Mwongeli, mtu wa Ngoliba, kule chini kwenye joto. Mume wake alikuwa amekufa, na alikuwa amepanga chumba Majengo, Thika. Walizungumza mpaka dereva akapiga honi. Mwongeli alimweleza kwamba kazi imemzidi, kwamba Kalasinga anatafuta mtu wa pili wa kuchambua, na kwamba wanawake wengi hukimbia kwa sababu vyuma hukata mikono.

"Mimi sikimbii," Warigia akasema.

Kupata kibali kwa Mkikuyu kufanya kazi Thika hakukuwa rahisi mwaka huo. Bachan Singh alikwenda mwenyewe kuuliza, akarudi, akaenda tena. Hatimaye kilipatikana. Warigia akawa analala kwa Mwongeli siku za kazi, na Jumamosi anarudi kijijini na unga. Jirani mmoja, Wakonyo, alimtunzia mzee Kagwe siku hizo nyingine.

Mwanzoni hakufaa sana. Warigia alikijua chuma, lakini chuma cha aina moja, kile kinachokubali nyundo. Alipogonga chuma cha kusubu kikavunjika kama chungu, alidhani kimeoza, akakitupa. Shaba nyekundu aliitambua upesi. Shaba ya njano alijifunza. Risasi, yale madini laini ya kijivu, ndiyo iliyomponza. Siku moja alitia vipande vya risasi katika kreti la shaba ya njano kwa kuwa vilikuwa vimepakwa rangi, na shaba ilipoyeyushwa ikatoka laini, mbovu, bawaba zote zikapasuka.

Bachan Singh akatoka na bawaba mkononi. "Wewe mama! Nani iliweka risasi hapa? Hii iko bawaba ama iko ugali?"

"Ni mimi," Warigia akasema.

Alitarajia kufukuzwa. Badala yake Bachan Singh alimwita Mulei, fundi wa tanuri. "Wewe fundisha yeye. Kama hapana jua, kesho mimi pata hasara tena."

Mulei alikuwa Mkamba wa umri wa makamo, mwenye kikohozi kikavu. Alimfundisha wakati wa chakula cha mchana, wakiwa wameketi juu ya mchanga wa kalibu. Alimpa kila kipande akipime mkononi, akikwaruze kwa msumari, akisikilize kikigongwa. Risasi haina sauti, alisema. Ukiigonga ni kama umegonga kitambaa.

"Haya yote umejifunzia hapa?" Warigia akamwuliza.

"Hapa? Hapana. Mimi nimekula udongo wa nchi hii karibu yote."

Ujana wake Mulei aliumalizia Kakamega, wakati watu walipokimbilia dhahabu huko. Alichimba mashimo na kusukuma vigari chini ya ardhi. Dhahabu ilipopungua akaenda Nyanza ya Kusini, ambako mgodi wa shaba ulikuwa unaanza. Hapo ndipo kikohozi kilipompata.

Siku moja alichukua kijiti akachora nchi kwenye mchanga. Huku ziwa, huku bahari, hapa katikati reli. Upande wa ziwa, chini, akaweka waya wa shaba. Juu yake kidogo akaweka punje ya mahindi. "Hii ni dhahabu ya Kakamega. Dhahabu yenyewe sina, wangenipekua." Mwongeli akacheka. Upande wa bahari, nyuma ya Kilifi, akaweka kipande cha risasi.

"Na shaba ya huko kwa ziwa, si ndiyo hii tunayeyusha?" Warigia akauliza.

"Ile? Ile inasagwa, inaoshwa, inapanda gari la moshi mpaka Mombasa, inapanda meli. Inapita karibu na sisi na haitusalimu. Ikisharudi ni waya wa stima, ni bomba la redieta. Ikivunjika ndiyo inakuja kwa Mwongeli."

"Na mabati ya makopo?" Mwongeli akadakia. Thika kulikuwa na kiwanda cha makopo ya mananasi, na dada yake alifanya kazi huko. "Hayo yanachimbwa wapi?"

"Hayo hayako kwa ramani yangu. Yanatoka Ulaya yakiwa yamenyooshwa kabisa."

"Kumbe nanasi ni letu, kopo si letu."

Warigia alikuwa bado anaitazama ramani. Katikati, mahali pa kwao, palikuwa patupu. "Na chuma?"

Mulei akakuna kichwa. "Chuma sijawahi kuchimba. Nasikia kipo hapa kidogo, pale kidogo. Mgodi wa chuma sijauona."

Jumamosi, baada ya mvua, alipokuwa akirudi kijijini aliomba kibuyu kwa Wakonyo, akashuka mtoni, akaosha mchanga. Mikono ilikuwa haijasahau. Jumatatu akaja Thika na mchanga mweusi umefungwa katika kipande cha kitambaa, akauweka karibu na waya na punje ya mahindi. Mulei akashika kipande cha sumaku cha redio mbovu, akakipitisha juu yake. Mchanga ukasimama kama manyoya ya paka.

"Haiya!" Mwongeli akasema, ingawa neno hilo lilikuwa la Kikuyu.

Bachan Singh naye alikuja kutazama. Aliufikicha kwa vidole akasema tanuri lake haliwezi mchanga. Upepo utaurusha nje ya bomba la moshi. Lakini alimjua Mzungu mmoja wa serikali aliyekuwa akizunguka nchi ya Thika akivunja mawe kwa kinyundo na kuyatia mfukoni. Mzungu huyo hupitia karakana kunyooshewa springi za gari lake. Bachan Singh akauweka mchanga ule rafuni kumsubiri.

Alikuja baada ya muda mrefu. Alikuwa mtu mwenye uso uliounguzwa na jua na magoti yaliyochubuka, na Kiswahili chake kilieleweka. Aliuchukua mchanga, akaenda nao, na siku nyingine akarudi na jibu. Alimwita Warigia mwenyewe.

"Chuma kimo," akasema. "Kingi hata. Lakini kimechanganyika na madini mengine yanayoitwa titani, na matanuri makubwa hayayapendi. Tena mchanga wenyewe ni kidogo. Uko mstari hapa, mstari pale. Hakuna mtu atajenga tanuri kwa huu."

"Baba yangu alijenga," Warigia akasema.

Yule Mzungu hakucheka. Aliketi juu ya kreti. "Alijengaje?"

Akamweleza: shimo, udongo wa mfinyanzi, makaa ya mti mgumu, mivukuto ya ngozi ya mbuzi, kumwaga mchanga kidogo kidogo, kusubiri. Yule mtu aliuliza maswali mengi, hata mfereji wa mavi ya chuma, yale masalio yanayoachwa na moto, ulielekea wapi. Mwisho akasimama na kupangusa suruali.

"Kwa jembe ulitosha," akasema. "Kwa reli hautoshi."

Warigia alilifikiri neno hilo siku kadhaa, akaona ni kweli. Baba yake hakuhitaji reli.

Muigai alirudi mwaka wa 1958, mwanzoni mwa masika. Alikuwa amekonda, na kifundo kimoja cha mkono hakikukunjika sawasawa. Alimkuta baba yake hai, karibu kipofu, na kibanda kimefagiwa. Warigia alikuja Jumamosi hiyo kutoka Thika. Alimpa chakula, akamwacha ale nusu, kisha akamweleza mambo yote yeye mwenyewe, kabla hajasimuliwa na wengine: kwamba mimba ilitoka, kwamba kwa Kalasinga anachambua vyuma na wakati mwingine anakoroga mchanga wa kalibu, hatua chache kutoka kwenye moto.

Muigai aliweka sahani chini. "Ile nyundo. Ni nani alikuambia uibebe?"

"Hakuna mtu. Walikuwa wanataka kumpiga Baba."

"Mwanamke wa wahunzi."

"Ndiyo. Mwanamke wa wahunzi."

Hakumpiga wala hakumtukana. Ila alihamia upande wa baba yake, akawa hali chakula alichopika Warigia. Aliogopa. Kizuizini alikuwa amewaona watu wakifa, lakini hiyo ilikuwa hofu ya namna nyingine, hofu ya kitu alichonyonya pamoja na maziwa ya mama. Warigia akawa anarudi Thika kila Jumatatu kama kawaida. Mwongeli alimshauri abaki huko moja kwa moja. Alisema hapana, bado ana mzee wa kumtunza.

Aliyelimaliza jambo hilo ni mzee Kagwe. Aliwaita wote wawili juani, nje ya kibanda.

"Mimi nilisema ni nyundo," akaanza. "Yeye alisema ni barabara. Tumekaa na maneno hayo mawili miaka mingi na hakuna aliyenichemshia uji vibaya kwa ajili yake. Sasa mnanichosha. Chuma hakina upendeleo. Mkono mchafu ukiosha mchanga, tanuri hutoa mavi matupu. Hivyo ndivyo baba yangu alivyoniambia. Aoshe. Tuyeyushe. Tuone."

"Baba, mimi sijawahi kuyeyusha mchanga," Muigai akasema. "Nimefua springi maisha yangu yote."

"Mimi niliyeyusha. Nitakuelekeza kwa sikio."

Muigai alikwenda kwa Nicanor kuomba ruhusa. Amri zilikuwa zimelegea mwaka huo, ila bado moto mkubwa ulihitaji kuelezwa. Nicanor alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakuuliza ni wa nini. Alisema tu, "Nendeni chini karibu na mto, mbali na nyasi za paa."

Warigia alichukua likizo kwa Bachan Singh, akaosha mchanga toka asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku, mpaka majani ya migomba kando ya mto yakawa meusi. Muigai alishona mivukuto kwa ngozi za mbuzi, akafinyanga bomba la udongo. Hakutaka la chuma. Mzee Kagwe aliketi kando, akipapasa ukuta wa tanuri kwa vidole na kusema hapa pembamba, hapa ongeza.

Siku ya kuyeyusha walimwaga pombe kidogo chini, mzee akasema maneno yake, moto ukawashwa. Mivukuto ilikoroma. Kufikia adhuhuri mkono mbovu wa Muigai haukuweza tena kuvuta, na hapakuwa na mwanamume mwingine wa kumpokea. Nicanor alikuwa amekuja kutazama, amesimama juu ya ukingo katika koti lake la kanisa. Alikaa hapo muda. Kisha akalivua koti, akashuka, akashika mivukuto. Hakuna aliyemwomba, wala hakuna aliyemkataza. Alivuta mpaka jasho likamdondoka puani, akampisha Muigai, akashika tena.

"Sikilizeni," mzee akasema alasiri. "Sauti imekuwa nzito. Acheni."

Wakaliacha tanuri lipoe mpaka kesho yake. Asubuhi Muigai alilivunja kwa sururu. Ndani mlikuwa na mavi ya chuma, meusi, yanayong'aa kama chupa. Muigai akaendelea kuchimbua. Chini kabisa palikuwa na donge, kubwa kama ini la mbuzi, limejaa matundu. Akalitoa na kumwekea baba yake mapajani.

Mzee Kagwe aliligeuza. Alililamba. Kisha akaligonga kwa jiwe, na lilitoa sauti, ya chini lakini sauti.

"Ni chuma," akasema. "Kibaya. Mimi nilikuwa nikitoa kizuri zaidi. Lakini ni chuma."

Muigai alikaa chini palepale kwenye majivu akafunika uso kwa kiganja. Warigia hakumkaribia. Alikusanya vibuyu vyake, akavisuuza, akaenda kupika. Jioni hiyo Muigai alikuja kula nyumbani kwake, akamaliza, akaomba tena.

Donge hilo lilipopashwa moto na kufuliwa, nusu yake ilimeguka. Nusu iliyobaki ilishikamana. Muigai, kwa nyundo aliyoazimwa na Mulei, yenye mpini wa mti na chapa ya kiwanda cha ng'ambo, alitoa kisu kifupi cha kukatia majani ya viazi. Kilikuwa na ufa karibu na mpini na kilihitaji kunolewa kila mara.

Hakuyeyusha mchanga tena. Kazi ilikuwa kubwa mno na kisu cha dukani kilikuwa bora. Mulei alipoamua kurudi kwao kwa sababu ya kifua chake, alimtaja Muigai kwa Bachan Singh, na Muigai akachukua mahali pake kwenye tanuri. Hakuipenda sana kazi hiyo. "Chuma hiki hakifuliwi," alimwambia Warigia. "Kinamwagwa tu kama uji." Lakini aliifanya vizuri, na alijifunza kuitambua risasi kwa sauti, akifundishwa na mke wake, ambaye hakumficha kwamba aliwahi kuharibu bawaba za watu.

Mzee Kagwe alifariki kiangazi cha mwaka wa 1959, usingizini. Miezi michache baadaye Warigia akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Gathoni, jina la mama yake Muigai, kama desturi ilivyotaka. Aliacha kwenda Thika. Mwongeli alipata mtu mwingine wa kumsaidia kuchambua, akawa anakuja Gatongora Jumapili na makopo matupu ya mananasi ya kuwekea chumvi na sukari.

Watu walipoanza kurudishiwa vipande vyao vya ardhi, Warigia alijaribu kupanda viazi vitamu pale kibanda cha uhunzi cha mume wake kilipokuwa zamani. Havikustawi. Udongo ulikuwa umeungua na kila alipochimba jembe liligonga mavi ya chuma ya enzi za mzee Kagwe. Akahamia chini kidogo, upande wa mto, ambako majani yalikuwa mabichi hata wakati wa jua.